Nilichomjibu Shangazi Yako

Hoza mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukifunga na kufungua begi kama mtu anayetafuta kitu asichokijua jina. Nami huku sebuleni situlii. Nimeketi, nimesimama, nimekwenda jikoni kuinjika chai, nikarudi bila chai. Baba yako ameniuliza, "Mama Hoza, una nini leo?" Nikamwambia ni baridi. Ameniamini, au amejifanya.

Kesho alfajiri unashuka Mombo kupanda basi la Kanda ya Ziwa, ukaanze kazi ya usemaji wa mgodi. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula kwa wakati, wala za marafiki. Hayo nimeyasema mpaka umeyachoka, na huko mgodini wanasema ni joto. Nataka tuongee habari ya kazi yenyewe, na nimeona niandike, kwa sababu nikiongea utanikatiza kwa utani wako na mimi nitacheka, halafu utaondoka sijasema kitu.

Leo mchana nilikuwa uani naanika nguo, dirisha lako liko wazi, nikakusikia ukijizoeza mbele ya kioo. Ulikuwa unasema, "Tunapenda kuwahakikishia wananchi kwamba hali ni shwari." Mara ya kwanza uliharakisha. Mara ya pili ukashusha sauti, ukaweka kituo kidogo kabla ya "shwari", ikapendeza. Ningekuwa mmoja wa hao wananchi, ningerudi nyumbani nikalale. Shuka likaniponyoka, likaanguka matopeni, nikalifua upya, na tangu hapo moyo wangu umekosa pa kukaa.

Hali gani hiyo iliyo shwari, baba? Hujafika hata getini kwao.

Najua, ulikuwa unajizoeza tu. Na juzi uliniambia, "Mama, kazi yenyewe ni kuongea, na kuongea nimerithi kwako." Ni kweli umerithi. Ndicho kinachonikosesha utulivu.

Unajua kwamba nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya hapa Lushoto kabla sijawa afisa uhusiano wa kampuni ya mbegu. Labda hujui watu walinipendea nini. Masika moja mlima uliporomoka ukakata barabara ya Mombo. Magari ya mboga yakakwama, wagonjwa wakakwama, na kila mwenye mtu njiani akawa anapiga simu redioni. Nikawa nasema nilichokijua: hapa pamezibuliwa, pale bado, gari fulani limerudi Soni. Mama mmoja akaniuliza kama basi alilopanda mwanawe limepita salama. Nikamjibu hewani, "Sijui, mama. Nikijua nitasema." Nilipojua, nikasema. Basi. Barabara ilipofunguka nikawa siwezi kupita sokoni bila mtu kunitia kabeji kwenye kikapu. Nilidhani wananipendea ufasaha. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walipenda lile "sijui".

Kampuni iliponiajiri nami nilidhani inataka ufasaha. Lakini wasemaji fasaha wamejaa hapa mjini. Ilichotaka ni wale watu wote wa sokoni na kabeji zao. Walikuwa wananisikiliza mimi, na mimi nikaenda nao kazini bila kuwauliza.

Sina maana kwamba ile kazi ni mbaya. Usinielewe vibaya, na usiende huko ukiwa na aibu nayo. Niliipenda. Kampuni ilileta mbegu bora za viazi, mavuno yakapanda kweli, na mimi ndiye niliyekwenda kijiji kwa kijiji kueleza nafasi ya kupandia na namna ya kuinua matuta. Kazi hiyo ina heshima yake. Mtu aliye ofisini hajui anachohofia mtu aliye shambani, na aliye shambani hajui ofisini wamepanga nini. Anayesimama katikati akiwa mkweli anawasaidia wote wawili.

Msimu ninaotaka kukusimulia, wewe ulikuwa darasa la nne. Habari zikaanza kushuka kutoka Shume kwamba viazi vinanyauka. Si kwa ukame, mvua ilikuwepo. Shina liko kijani asubuhi, mchana limelala kama limemwagiwa maji ya moto. Watu wakaanza kusema mbegu za kampuni zina ugonjwa. Meneja wetu akatutuma mimi na bwana shamba wa kampuni, Bwana Kupaza, yule mrefu aliyekuwa akikuletea matunda damu. Tukapanda Shume. Bwana Kupaza akakata shina karibu na udongo, akaomba glasi ya maji safi kwa mwenye shamba, akalining'iniza lile shina ndani ya maji, akaniambia, "Tazama, usiseme kitu."

Nikatazama. Haikupita muda, pale lilipokatwa pakaanza kushuka uzi mweupe, kama maziwa, polepole, unazama mpaka chini ya glasi.

"Huo ni mnyauko wa bakteria," akasema kwa sauti ndogo. "Umekuja na mbegu. Na ukishaingia kwenye udongo, dada, hapo hapapandwi viazi tena kwa miaka."

Ghala letu lilikuwa bado na magunia ya mbegu ile ile, na watu wengi walikuwa wameshachukua yao lakini hawajapanda. Tuliporudi ofisini Bwana Kupaza akamwambia meneja asimamishe kila kitu siku hiyo hiyo. Meneja hakuwa mtu mwovu, nataka ulijue hilo. Alikuwa na hofu. Alikuwa na mabosi wanaompigia simu. Akasema, "Tumepeleka sampuli maabara. Majibu yakija tutasema. Kwa sasa watu wasiingiwe na taharuki." Halafu akanigeukia. "Andika kitu cha redioni. Kifupi. Cha kutuliza."

Nikaandika. Ninayakumbuka maneno yenyewe mpaka leo: "Mpaka sasa hakuna uthibitisho wowote wa kitaalamu kwamba mbegu zetu zina ugonjwa. Tunawaomba wakulima wapuuze uvumi."

Tazama sentensi ile ya kwanza. Kila neno ni kweli. Maabara ilikuwa haijajibu, kwa hiyo uthibitisho haukuwepo. Mahakamani ningeshinda. Nami nilikuwa nimeuona ule uzi mweupe kwa macho yangu haya.

Nilijivunia ile sentensi, Hoza. Huo ndio ukweli unaonichoma. Niliona nimepata njia ya kupita katikati, sijadanganya na sijamkosea meneja. Bwana Kupaza aliisoma juu ya bega langu, akavaa koti lake, akatoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi nikaenda redioni, nikasalimu kama nilivyozoea, "Onga maundo," kwa Kishambaa, kwa sauti ya nyumbani, nikaisoma.

Sasa hapa ndipo pale usipopajua. Wewe uliambiwa kwamba Shangazi Mwanahawa aliacha kuja kwetu kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakukuwa na ugomvi wa mpaka.

Shangazi yako alikuwa mjane, ana lile shamba moja la mteremkoni kule Shume. Mbegu alikuwa nazo ndani, matuta ameshainua, ila aliposikia minong'ono akasita. Siku niliyosoma tangazo alinipigia simu. Nilikuwa kwenye korido ya ofisi. Akasema, "Wifi, nimekusikia redioni. Basi nipande?"

Hakuuliza kampuni. Hakuna kipaza sauti, hakuna meneja, hakuna mwandishi wa habari. Ni dada wa mume wangu, aliyenishika mkono nilipokuwa na uchungu wako. Neno moja lilitosha. Hata kukohoa kungetosha, angeelewa.

Nikamjibu, "Si umesikia redioni, wifi?"

Akasema, "Haya. Ahsante." Akapanda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema lile neno. Niliogopa kwamba akijua yeye, Shume nzima itajua, na mimi nitaonekana nimevujisha siri ya kampuni. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni ngumu zaidi: nilishaanza kuiamini sentensi yangu. Ukiiandika vizuri, ukaisoma kwa sauti nzuri, masikio yako mwenyewe ndiyo ya kwanza kudanganyika. Leo nilipokusikia dirishani, ukiweka kile kituo kabla ya "shwari", nilisikia kitu kile kile kikizaliwa.

Viazi vyake vikachipua, vikapendeza, halafu vikalala.

Majibu ya maabara yakaja yakasema alichosema Bwana Kupaza. Meneja akaniita tena. Safari hii alitaka nieleze kwamba wakulima walichanganya mbegu zetu na mbegu za kurudia, zile wanazojiwekea kutoka mavuno yao, na kwamba kampuni inafuatilia changamoto hiyo. Mwanangu, jihadhari na neno hilo, changamoto. Siku hizi ofisini hakuna tatizo, hakuna kosa, hakuna hasara, kuna changamoto tu. Na jihadhari na zile kauli za kutendeka na kutendwa, maana Kiswahili chetu kinaificha sura ya mtu kirahisi mno: "makosa yalifanyika", "hatua zinachukuliwa". Yalifanywa na nani? Anazichukua nani? Ukiona kalamu yako inakimbilia huko, simama ujiulize unamficha nani.

Ningependa kukwambia nilikataa palepale. Sikukataa. Nilikaa nikaanza kuandika, nikafika nusu. Ndipo Shangazi yako akaingia ofisini. Alikuwa ameteremka kutoka Shume na mche mmoja alioung'oa, ameufunga kwenye kanga. Nilimsalimia, hakuitikia. Akaufungua mche ule juu ya meza yangu, na udongo wake, na viazi vyake vidogo vilivyooza jicho.

Nikaanza, "Wifi, kampuni ina—"

"Sikuja kwa kampuni," akasema. "Kampuni siijui. Nilikuuliza wewe."

Akakunja kanga yake akatoka. Sikumfuata. Taarifa nikaiacha pale pale ilipofika.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Shume juma lile. Watu walijaa, wanawake mbele, wanaume wamesimama pembeni na makoti yao. Meneja alisimama kusoma ile taarifa niliyoiacha nusu, ambayo aliimalizia mwenyewe. Alipofika kwenye mbegu za kurudia watu wakaanza kuguna. Nikasimama. Nilisema mbegu zilikuja na ugonjwa. Nilisema niliuona mnyauko kwenye glasi kabla sijaenda redioni, na bado nikaenda. Nilisema yeyote ambaye bado ana mbegu ndani asipande, na aliyepanda ang'oe, achome, na asihamishe udongo wala jembe chafu kwenda shamba jingine.

Usifikiri walinipigia makofi. Mzee mmoja akainua mkono kwa adabu kabisa, akauliza, "Sasa mwanangu, na leo tukuamini kwa lipi?"

Nikaketi, na ulimi wangu wote wa redioni.

Watu huwa wananiambia nilikuwa jasiri siku ile. Sijui. Shangazi yako alikuwa ameketi mstari wa mbele. Sina hakika kama ningesimama iwapo asingekuwepo. Nakuachia hilo bila kulipamba, kwa sababu siku yako ikifika utapenda kujua kama una ujasiri, na pengine hutakuwa nao. Utakuwa tu na mtu fulani anayekutazama. Basi hakikisha mapema kwamba kuna watu wa kukutazama. Huko mgodini usiishi ndani ya uzio tu. Kula kwenye mgahawa wa kijijini, swali kwenye msikiti wao, wajue watoto wao kwa majina. Ukiwa unaandika kuhusu maji yao, mmoja wao akujie usoni.

Kazi niliacha kabla hawajaniachisha. Hilo unalikumbuka, maana ndiyo mwaka mama alikuwepo nyumbani kila siku ukafurahi, hukujua kwa nini halali. Msimu uliofuata kampuni ilileta mbegu safi. Zilikuwa safi kweli, Bwana Kupaza alizikagua mwenyewe. Hakuna aliyezichukua. Zilichipua ghalani, zikaoza, na tawi la hapa likafungwa. Walionituma nitulize watu ili jina la kampuni lisichafuke hawakupata hata lile jina. Na wakulima waliohitaji mbegu safi wakakosa mbegu safi. Watu waliacha kuamini uongo wetu na ukweli wetu kwa pamoja, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Nikahangaika. Nilitaka kwenda redioni kuomba radhi. Bwana Kupaza akanizuia. "Umewaomba masikio yao mara moja," akasema. "Sasa wape macho." Tukaanza kwenda mashambani, mimi na yeye, bila kampuni, na glasi zangu za kabatini. Mwenye shamba anakata shina mwenyewe, anatia maji yake mwenyewe, anatazama mwenyewe. Mimi sikusema kama ugonjwa upo au haupo. Nilisema, "Usiniamini mimi. Tazama." Kwanza walitufungia milango. Huko Lukozi kijana mmoja alitufukuza na mbwa. Nilirudi nyumbani nimechanika gauni, ukanicheka, nikakwambia nilianguka.

Misimu ikapita. Siku moja simu ikaita, sauti siijui, ikasema, "Wewe ndiye yule mama aliyetudanganya viazi?" Nikasema, ndiye. "Njoo basi utazame shamba langu, sielewielewi majani."

Nililia, Hoza. Sikuwahi kuitwa vile kwa uzuri namna ile. Lilikuwa ndilo jina langu milima yote, yule mama aliyetudanganya, na kwa jina hilo hilo wakaanza kuniita mashambani. Nadhani ni kwa sababu tu nilikuwa nimelikubali. Mtu ambaye huna haja ya kumvua kinyago, unaweza kuongea naye.

Nilipokuwa kwenye kazi yenyewe nilifundishwa kwamba imani ya watu hujengwa kwa taarifa nzuri, picha nzuri, kofia na fulana. Naona zile kofia mpaka leo zinavaliwa shambani, jina la kampuni limepauka. Ninachokijua mimi ni kidogo na hakina umbo zuri. Sema habari mbaya kabla haijasemwa na mwingine. Usichokijua, sema hukijui. Wape watu njia ya kukuhakiki, na wakikuhakiki usinune. Na kama mtaalamu wenu amekuonyesha kitu kwa macho, usijifiche nyuma ya maabara.

Lakini hata hayo, nikiyasoma, naona kama nahutubia, na nilijiapiza nisihutubie. Nakuandikia kwa sababu naogopa. Mgodi una mabwawa ya maji machafu na vijiji viko chini yake. Siwasemi vibaya waajiri wako, siwajui, huenda ni watu waangalifu kuliko sisi. Ila siku moja bomba litavuja, au litadhaniwa limevuja, na meneja mwenye hofu atakugeukia na kusema, andika kitu kifupi cha kutuliza. Hatakuwa mwovu. Atakuwa amechoka, na wewe utakuwa na mkataba, na pengine mke na mtoto. Nikiwaza hapo ndipo nainuka kwenye kiti.

Kuhusu Shangazi, utaniuliza, najua. Alianza kuja tena ulipokuwa kidato cha pili. Alileta karoti, akaketi jikoni, tukamenya pamoja. Baadaye nikapata nguvu nikamwambia, "Wifi, nisamehe." Akaendelea kumenya. Akasema, "Nilikusamehe siku nyingi. Kukuamini ndiko bado." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia mvua bado. Mpaka leo nikimwambia jambo, hulipeleka kwanza kwa mwingine kuliuliza. Lile shamba la mteremkoni analima kabeji. Msamaha alinipa yeye, mara moja, kwa moyo mkubwa. Hilo la pili haliko mkononi mwake, na wala siwezi kulidai.

Nimefikiria nikuzuie usiende. Nimelifikiria kwa dhati leo jioni, nikaona ni ujinga. Kama watu wenye uchungu wataikimbia kazi hii, watabaki kuifanya wasio nao. Nenda. Ongea vizuri, maana unaongea vizuri kweli, na sauti ile ni haki yako.

Ila nisikilize hili la mwisho, baba. Ukifukuzwa kazi kwa kusema kweli, usijifiche huko mjini kwa aibu ukingoja upate nyingine ndipo utuambie. Panda basi siku hiyo hiyo. Nitakufungulia mlango, nitakupikia, na majirani wakiuliza nitawaambia mwenyewe kwa sauti kubwa umefukuzwa kwa nini. Na ukipandishwa cheo kwa jambo ambalo moyo wako unalikataa, nipigie simu kabla hujasherehekea. Hutahitaji kunieleza. Sema tu "Shikamoo, mama", nami nitajua, na hatutaongea kingine mpaka utakapokuwa tayari.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Sasa nyamaza na hilo begi ulale.

Mimi mama yako, yule aliyewadanganya viazi.